Dalili Saba za Mpelelezi

“Dalili ya nne,” Delmar Stroud aliiambia maikrofoni yake, “ni viatu. Mtu mtazame viatu. Mpelelezi wa serikali hutembea sana, na serikali haitaki mtu wake aote malengelenge. Ukiona jirani yako kavaa viatu vipya na hujui pesa kazitoa wapi, jiulize.”

Nolene, mkewe, alikuwa amekaa ng'ambo ya meza na simu mbili mbele yake. Akaivuta miguu taratibu, akaificha chini ya kiti. Viatu vilikuwa vipya kweli, vya ngozi ya kahawia, soli nene kama kipande cha mkate. Alikuwa amevinunua wiki tatu nyuma, na aliyevilipia, ukifuata mkondo wa pesa mpaka chemchemi yake, ni serikali ya Marekani.

“Dalili ya tano,” Delmar akaendelea, akimtazama mkewe kwa mapenzi kama anavyotazama mtu ukuta aliouzoea, “ni kwamba habishani na wewe. Kila unalosema, yeye anaitikia.”

Nolene akaitikia kwa kichwa. Alipogundua alichofanya, akajikuta anataka kucheka, na ilimbidi ainame ajifanye anatafuta kalamu.

Walikuwa gereji. Gari lililala nje tangu Delmar alipopigilia trei za mayai ukutani ili sauti isirudi mwangwi, na hapo ndipo kipindi cha Macho Wazi kilipotoka kila siku ya kazi, saa kumi na moja jioni, kwa redio ya masafa mafupi. Walisikilizwa katika mabonde yote ya Idaho ya kaskazini, ng'ambo mpaka Montana, na kwingine kusikojulikana, kwa sababu kwenye Macho Wazi mtu haulizwi anakaa wapi. Hata jina halitajwi. Mwenye kupiga simu alikuwa Nungunungu, au Bibi Marisasi, au Dubu Mmoja, Delmar mwenyewe alikuwa Kamanda, na kazi ya Nolene ilikuwa kupokea simu, kusema “Subiri kidogo, usikate,” kisha kubonyeza kitufe cheupe kumwingiza hewani.

“Dalili ya sita, ghafla ana pesa. Dalili ya saba, na hii iandikeni kichwani, si kwenye karatasi.” Delmar akashusha sauti. “Dalili ya saba ni kwamba humshuku hata kidogo. Na sasa, ndugu zangu, kabla ya simu, nataka kumshukuru tena Mzalendo wa Bahasha.”

Nolene akaacha kutafuta kalamu.

“Jana bahasha imekuja tena. Haina jina, haina anwani, ndani dola mia tatu. Hii ni wiki ya saba. Mzalendo, popote ulipo, ni wewe unayelipia mnara huu unaoturusha hewani. Maikrofoni hii haijawahi kuguswa na senti moja ya serikali, na haitaguswa.” Akasimama, akapiga saluti kuelekea kwenye trei za mayai.

*

Yote yalianzia kwenye mnara huo. Mwezi Aprili, Delmar akiwa msituni anafukia pipa la maji, mwenye mnara alipiga simu.

“Mama,” alimwambia Nolene, “mumeo anaiangusha serikali kila jioni, lakini bili ya Machi imemwangusha yeye. Ijumaa namzima.”

“Tupe wiki moja.”

“Wiki moja nilikupa mwezi uliopita. Ulisahau?”

Hakuwa amesahau. Siku hiyohiyo alikuwa ametoka dukani baada ya kurudisha siagi na nyama mbele ya foleni nzima, akabaki na chachu peke yake, wakati nyumbani rafu zilikuwa zimejaa hadi darini maharage ya mwisho wa dunia. Mwaka 2000 kompyuta zote zingekufa, Delmar alisema, na nchi ingerudi gizani. Kompyuta hazikufa. Tangu Januari wakawa wanakula maharage ya maafa ambayo hayakufika, asubuhi na jioni, kando ya makopo sitini ya matunda ya pichi ambayo Delmar alikataza yasiguswe, maana serikali bado ina nafasi ya kuharibu mambo.

Pale dukani, juu ya mizani, lilibandikwa tangazo: Makarani wa sensa wanahitajika, wenye kuijua milima. Nolene aliijua milima. Akaenda mjini, akainua mkono wa kulia, akaapa kwamba atakachoambiwa na mtu mlangoni hatamwambia mtu mwingine yeyote maisha yake yote. Kisha akamwambia mumewe kwamba amepata kazi ya kumwogesha bibi kizee huko Tamarack.

“Ana umri gani?” Delmar aliuliza.

“Mkubwa mno.”

“Anasikiliza kipindi?”

“Hasikii vizuri.”

“Maskini,” Delmar alisema, na habari ya bibi ikaishia hapo.

*

Nungunungu aliishi mwisho wa barabara iliyokufa, nyuma ya lango lenye minyororo mitatu na ubao ulioandikwa: UKIWEZA KUSOMA HAPA, UMESHAFIKA KARIBU MNO. Makarani wawili kabla ya Nolene walirudi kutoka pale na suruali zenye matundu ya meno. Nolene alisimama langoni na mfuko wake mweusi wa makarani begani, na pai ya pichi mkononi ndani ya kitambaa.

“Geuka urudi ulikotoka!” sauti ilitoka nyuma ya gogo. Mdomo wa bunduki ukachungulia juu ya gogo kama pua ya mnyama. “Nahesabu mpaka tatu!”

“Mimi pia nimekuja kuhesabu,” Nolene alisema. Alikuwa na woga, na akiwa na woga mdomo wake ulitoa maneno uliyoyazoea. “Subiri kidogo, usikate.”

Bunduki ikatulia. Kichwa chenye ndevu kikatokea.

“Sema tena.”

“Subiri kidogo, usikate.”

“Shemeji?” Mzee akasimama wima, magoti yakilia. “Shemeji Nolene wa redio? Ee Mungu wangu, na mimi niko na suruali ya kulalia! Ingia, ingia! Mbwa, nyamaza wewe, huyu ni shemeji!”

Watu hawa walikuwa wamefundishwa na Delmar miaka sita: usiamini kitambulisho, usiamini sare, usiamini gari, usiamini uso. Kuhusu sauti hakuwafundisha kitu, kwa kuwa sauti ndiyo aliyowafundishia. Nolene alikuwa sauti iliyowaambia wasubiri kidogo kila siku na haikuwakatia simu hata mara moja. Mzee alimkalisha, akakata pai vipande vikubwa, akajibu maswali yote ya fomu, na alipomaliza akauliza kama kuna mengine.

“Wangapi mnaishi hapa?”

“Mmoja. Zamani tulikuwa wawili.” Akalamba kijiko. “Waweza kuandika mmoja na nusu? Haya, andika mmoja. Ila shemeji, chondechonde, usimwambie Kamanda. Ataniona msaliti. Nchi nzima hakuna mwingine aliyekubali.”

“Simwambii mtu,” Nolene alisema. “Nimeapa.”

Bibi Marisasi alimwomba vilevile, akiwa amemshika mikono yote miwili. Dubu Mmoja, ambaye kumbe walikuwa sita na mtoto mchanga, alimwomba huku machozi yakimlengalenga. Kila mmoja aliamini ni yeye peke yake aliyelegea. Nolene aliondoka kwenye milango hiyo akiendesha gari kwa kasi kuliko ilivyopasa, madirisha wazi, akicheka peke yake kama msichana aliyetoroka shule. Alikuwa na miaka hamsini na moja, na hakukumbuka lini mara ya mwisho watu walifurahi hivyo kumwona akija.

*

“Nyumba mia moja na arobaini na mbili,” alisema Bi Odegaard, msimamizi wake, wakiwa wamekaa mkahawani mjini. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye daftari lililopangwa kwa rangi, na ndiye aliyemwelekeza Nolene duka la viatu. Yeye mwenyewe alivaa jozi ileile. “Wilaya nzima hakuna aliyekukaribia. Unawafanyia nini watu hawa?”

“Nabisha hodi.”

“Imebaki moja.” Bi Odegaard akageuza daftari. “Yenu.”

Kahawa ikampalia Nolene.

“Karani hahesabu nyumba yake mwenyewe,” Bi Odegaard alisema, akimgongagonga mgongoni. “Ndiyo sheria. Nitakuja mimi Alhamisi. Ijumaa tunafunga kitabu.”

“Mume wangu hataki watu wa serikali uani. Anasema hivyo kila siku. Redioni.”

“Najua. Namsikiliza garini. Ana sauti nzuri.”

Nolene akafikiri haraka. Jambo moja lilikuwa la hakika kuliko jua kuchomoza: saa kumi na moja Delmar yupo kwenye maikrofoni, na hata nyumba ikiungua hatanyanyuka mpaka saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

“Njoo saa kumi na mbili kasoro robo,” alisema. “Usipige honi. Nitatoka kibarazani dakika mbili, nikwambie idadi, uondoke. Hatajua.”

“Dakika mbili zinatosha,” alisema Bi Odegaard. “Nyumba yenu ina wangapi?”

“Usiniulize hapa, Mama,” Nolene alinong'ona. “Niulize kibarazani.”

*

Alhamisi Delmar aliingia gereji amenyoa ndevu na kuvaa shati la kanisani. Nolene alijua mara moja kuna jambo.

“Ndugu zangu,” Delmar alisema taa nyekundu ilipowaka, “leo hakuna somo. Leo ni mahudhurio. Kesho serikali inafunga kitabu chake cha sensa, na mimi nataka isikie, kwa masikio yake, ilivyoshindwa milima hii. Kila mmoja apige simu aseme neno moja tu: Sikuhesabiwa. Mke wangu yuko tayari kuwapokea. Pigeni!”

Simu hazikulia. Delmar akatabasamu kwenye maikrofoni. Akakohoa. Sekunde kumi na tano zikapita, na kwa redio sekunde kumi na tano ni msiba.

“Labda mvua huko,” alisema.

Hatimaye laini ya kwanza ikaita. Alikuwa Dubu Mmoja. Nolene akasema subiri kidogo, usikate, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

“Sikuhe…” Dubu Mmoja alisema hewani. Mtoto mchanga akalia nyuma yake. “Sikuhe… Kamanda, mtoto analia, nitapiga tena.”

Laini ya pili. Nungunungu.

“Kamanda, swali kabla sijasema lile neno. Mtu akihesabiwa na mtu anayemwamini, kwa mfano, tena si…”

Kidole cha Nolene kikabonyeza chenyewe. Mlio wa simu iliyokatwa ukajaa gereji.

“Imekatika,” alisema.

Delmar akamtazama. Miaka sita haikuwahi kukatika.

Aliyefuata ni Bibi Marisasi, naye hakusubiri kukaribishwa. “Kamanda, mimi nina miaka themanini na moja na nimebatizwa mtoni, mtoni kabisa, si kwa kunyunyiziwa. Sitasema uongo hewani. Nilihesabiwa.”

“Bibi!” Delmar alishika meza. “Na nani?”

“Na mtu mwema. Aliniletea pai.”

“Walikuhonga kwa pai?”

“Ya pichi, Kamanda. Na mdalasini juu.”

Delmar akafungua mdomo alaani, halafu mdomo ukabaki wazi. “Pichi mbichi,” aliuliza polepole, “au za makopo?”

“Za makopo, lakini huwezi kujua.”

Nolene alimwona mumewe akigeuka. Kwenye rafu ya nyuma, pale yaliposimama makopo sitini, yalikuwa yamebaki kumi na tisa, yamepangwa kwa nafasi ili yaonekane mengi. Delmar akayatazama makopo. Akautazama mfuko mweusi kwenye kiti cha Nolene, mfuko ambao bibi kizee wa Tamarack, sijui kwa nini, aliuhitaji kila siku. Kisha mbwa akaanza kubweka uani, na kupitia kidirisha cha gereji wote wawili wakamwona mwanamke mrefu akipanda njia na mfuko mweusi uleule begani, amevaa viatu vya kahawia vyenye soli nene.

Delmar akainama. Maikrofoni ikiwa wazi, nchi ikisikiliza, akaingiza kichwa chini ya meza. Akakaa huko muda.

Nolene alijua angeweza kukimbia. Mlango ulikuwa hatua nne. Lakini alikuwa amechoka kujificha kwenye kiti chake mwenyewe, na tumboni kile kicheko cha barabarani kilikuwa kinapanda. Maikrofoni ilikuwa moja tu, nayo ya Delmar. Basi akainua mkono wa simu ya laini ya pili, akabonyeza kitufe cheupe.

Delmar akatoka chini ya meza, mwekundu shingo mpaka masikio, akaona taa, na mazoea yakamshinda. “Macho Wazi, uko hewani.”

“Kamanda,” Nolene alisema kwenye simu, “napiga kutoka ng'ambo ya meza.”

“Nolene.”

“Usitaje majina hewani. Karani wa sensa ni mimi. Wiki ya saba sasa.”

“Bibi kizee wa Tamarack?”

“Hayupo.”

“Nilimwombea!”

“Najua. Na Mzalendo wa Bahasha ni mimi. Yaani, bahasha ni yangu. Pesa ni ya serikali. Ningekwambia ungekataa, na mnara ungezimwa Aprili, na wewe ungekaa humu gereji ukizungumza na trei za mayai.” Akauhamishia mkono wa simu sikio la pili. “Sikutaka kukuona hivyo. Sasa kama ni kunifukuza, nifukuze, lakini fanya haraka, tumebakiza dakika tisa na zimeshalipiwa.”

Nolene aliona mkono wa mumewe juu ya meza, ukifumba na kufumbuka. Alikuwa amepiga saluti mara saba kwa bahasha hizo, mara saba, amesimama.

Taa ya laini ya kwanza ikawaka. Hakuna aliyesogea. Ikaendelea kuwaka, na mwishowe ni Delmar mwenyewe aliyenyoosha mkono akabonyeza.

Nungunungu alikuwa anacheka hata hawezi kupumua. “Kamanda! Ngoja… ngoja kidogo. Ina maana serikali ndiyo inayotulipia kuitukana? Miaka arobaini nalipa kodi, Kamanda, hii ndiyo mara ya kwanza naiona inafanya kazi ya maana!”

“Ulihesabiwa wewe?” Delmar akafoka.

“Muulize shemeji.”

Delmar akamgeukia mkewe. “Alihesabiwa?”

“Sisemi.”

“Mimi ni mumeo!”

“Niliapa. Sisemi kwa mtu yeyote.”

“Dubu Mmoja?”

“Sisemi.”

“Bibi Marisasi kasema mwenyewe, hewani!”

“Aseme yeye. Mimi sisemi.”

“Kamanda,” Nungunungu alisema, akipangusa pua kwa kishindo, “miaka sita unatufundisha kutunza siri. Mwanafunzi aliyefaulu ni mmoja tu, na unalala naye kitanda kimoja. Ukimulika nyoka, baba, anzia miguuni pako!”

Sasa laini zote mbili ziliwaka. Wakaja mmoja baada ya mwingine, hata Nolene akashindwa kuwapanga: nilihesabiwa, nilihesabiwa, mimi pia, kumbe na wewe, nilidhani ni mimi peke yangu, Kamanda usimguse shemeji, ile pai imebaki? Dubu Mmoja alipiga tena kusema wako sita na mtoto, na mtoto aliitwa jina zuri, ila hangelitaja hewani. Delmar alikaa katikati ya kelele hiyo kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji. Nolene alimtazama mdomo. Aliujua ule mdomo. Pembe ya kushoto ilikuwa inapigana na ya kulia, na ya kulia ilikuwa inashindwa.

“Dalili ya saba,” Delmar alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

“Dalili ya saba,” Nolene aliitikia.

Mlango wa gereji ukagongwa. Bi Odegaard alikuwa amesubiri kibarazani dakika tisa, na kwake sheria ni sheria. Akaingiza kichwa, mbwa akimlamba viatu.

“Samahani kuingilia,” alisema. “Nahitaji idadi tu. Mtu mzima yeyote anaweza kunijibu.”

Nolene ndiye mtu mzima aliyekuwa karibu naye. Jibu lilikuwa kwenye ulimi wake tangu Aprili. Akafunga mdomo, akamtazama mumewe, akasubiri. Taa nyekundu iliwaka. Mabondeni huko, jikoni na kwenye malori, watu walisogea karibu na redio zao.

Delmar akaivuta maikrofoni.

“Andika wawili,” alisema. “Majina usiandike.”

“Majina ninayo,” alisema Bi Odegaard, akiandika. “Umeyataja hewani mara mia.”

Delmar akatazama saa. Zilibaki sekunde chache, na kila siku, miaka sita, alizimaliza kwa maneno yaleyale: macho wazi, mlango umefungwa. Akautazama mlango wa gereji, uliokuwa wazi kabisa, upepo wa misonobari ukiingia pamoja na mbwa na serikali.

“Macho wazi,” alisema, akasita. “Kesho saa ileile.”

Taa ikazimika.

*

Bi Odegaard hakuondoka. Alisimama akivuta kamba ya mfuko wake. “Kuna marudio,” alisema. “Kuhakiki nyumba za juu kabisa, wiki nne. Nolene anahitajika. Na barabara za kule zinahitaji dereva aliyezoea.”

“Sichukui senti ya serikali,” Delmar alisema.

“Sikukuuliza wewe. Nilikuwa nazungumza na karani wangu.” Akaaga, akashuka njia, na mbwa akamsindikiza mpaka langoni akitikisa mkia.

Wakabaki wawili. Nolene akazikunja nyaya, taratibu, akingoja. Delmar alikwenda kwenye rafu, akahesabu makopo kwa kidole, akachukua moja, akalifungua kwa kisu. Akala kipande cha pichi kwa vidole, amempa mkewe mgongo.

“Kule juu,” alisema, “kwa yule anayeishi Cutter Ridge, daraja ni bovu. Huliwezi na lile gari.”

“Nilipita kwa miguu.”

Akala kipande kingine. Akamsogezea kopo bila kugeuka.

“Hivyo viatu,” alisema. “Vinaingiza maji?”

“Haviingizi.”

Akafuta kisu kwenye suruali.

“Vya kiume vipo?”